Kriketi ya Siku Tano na Chumba cha Matairi

Ule mchezo wa kwenye televisheni una kasoro nyingi, na nitazisema bila kumwonea mtu haya, kwa sababu sidhani kama kuna mtu mjini Kolwezi aliyeucheza zaidi kuliko mimi. Watazamaji wake wana sura nne tu, zinazojirudia toka kiti cha kwanza hadi cha mwisho, na wakipiga makofi wanapiga wote kwa mpigo mmoja, kama darasa linalomwogopa mwalimu. Mtangazaji ana sentensi chache za Kiingereza anazozizungusha kutwa nzima. Mwanzoni sikujua maana yake nikadhani anasema mambo mazito. Sasa ninaijua, na ninatamani nisingeijua.

Halafu kuna mchezaji mmoja anayesimama upande wa kushoto, karibu na kamba ya mpaka wa uwanja. Mpira ukipita miguuni pake anautazama tu mpaka uvuke kamba. Wenzake unaweza kuwahamisha utakavyo, huyu hasogei. Nimembembeleza, nimemtukana, nimebonyeza vitufe vyote, wapi. Huyo naomba msomaji amkumbuke, kwa sababu siku moja chumba changu kilikuwa mikononi mwake.

Uzuri wa mchezo nao niuseme, nisije nikaitwa mlalamishi, ingawa ndivyo nyumbani wanavyoniita. Mule ndani jua linatembea. Asubuhi vivuli vya wachezaji ni virefu, mchana vinajikunja chini ya viatu, jioni vinarefuka tena upande wa pili, na majani ya uwanja yanageuka rangi polepole bila wewe kujua ni saa ngapi yamegeuka. Mpira ukiwa mpya unang'aa. Ukipigwapigwa unachakaa na kubadili tabia. Na gongo likiupata mpira katikati, unatoka mlio mkavu ambao mpaka leo ukinifikia hunifurahisha tumboni.

Niliupata kwa fundi mmoja Mhindi aliyekuwa akitengeneza pampu kwenye mgodi mmoja, akipanga nyumba upande wa pili wa barabara yetu. Mkataba wake ulipokwisha aliniuzia televisheni, mashine ya michezo na diski mbili, moja ya mpira wa miguu, nyingine ya kriketi. Nilitaka ile ya mpira. Ya kriketi niliichukua kwa adabu tu, kama unavyopokea kipande cha pili cha mkate kwa mtu usiyetaka kumwudhi. Alinieleza sheria zake akiwa amesimama mlangoni na mzigo wake begani, kwa Kifaransa chake na Kiswahili changu, nikaelewa kwamba mtu mmoja anarusha mpira, wa pili anaupiga, na nyuma ya anayepiga kuna vijiti vitatu ambavyo haviruhusiwi kuanguka. Mengine, alisema, mchezo wenyewe utanifundisha.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka Lubumbashi, ndoa yangu imekwisha, nikapokewa kwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu. Yeye ni mtu wa malori. Familia yetu ilitoka upande wa Kasongo zamani, ikashuka na biashara mpaka huku kwenye shaba, na baba mkubwa amebeba kila kitu kinachobebeka, chumvi, saruji, mbao, na siku hizi shaba yenyewe kwenda mpakani. Yadi yake iko kwenye njia ya kuelekea Musonoi. Kila kitu mle ndani ni cha wanaume: malori ya wanaume, mafuta ya wanaume, mazungumzo ya wanaume. Kwenye kona kulikuwa na chumba kimoja cha matofali kilichowekwa matairi. Nilimwomba kile chumba, akanipa, matairi yakahamia nje chini ya turubai. Nikapaka chokaa, nikapanga mabenchi, nikaweka televisheni. Madereva wanaosubiri mzigo wakaanza kuja kucheza, na vijana wa mtaa wakafuata. Ukiniuliza nilikuwa na nini duniani mwaka ule, nitakwambia nilikuwa na chumba kile. Kitanda nilicholalia kilikuwa cha binamu yangu, sufuria niliyopikia ilikuwa ya mke wa baba mkubwa. Chumba kilikuwa changu, na ufunguo wake niliufunga kwenye ncha ya kitenge.

Shida ilikuwa makelele. Mpira wa miguu una makelele hata ukichezwa na vidole. Goli likiingia watu wanaruka, benchi linaanguka, mtu anamwambia mwenzake neno baya la mama yake, na upande wa pili wa ukuta ndipo baba mkubwa anapolala mchana. Alinionya kwa upole. Akanionya tena bila upole. Halafu vijana wawili wakagombea penalti mpaka wakashikana mashati, mashine ikaanguka, diski ya mpira ikakanyagwa, ikapasuka vipande viwili. Wote wakatoka nje kumalizia ugomvi wao barabarani, mbele ya watu waliokuwa wakitoka msikitini. Baba mkubwa alikuwa miongoni mwao.

Siku ile alipita tu akaingia ndani. Mimi nilimjua, nikajua kwamba atakuja. Matairi, au bapneu kama anavyoyaita yeye, yalikuwa yakipigwa na jua chini ya turubai lililochanika, na mvua ilikuwa karibu. Kijana wake mkubwa, anayeendesha biashara siku hizi, alikuwa akimsukuma tangu zamani kwamba kile chumba kirudi kuwa stoo. Sasa nilikuwa nimempa sababu mkononi.

Kesho yake chumba kilikuwa kitupu, nimekaa na dereva mmoja tu, mzee wa safari za Kasumbalesa mpakani, aliyekuwa akingoja lori lake lipakiwe. Hatukuwa na kitu kingine cha kuweka, tukaweka kriketi. Mashine ikatuuliza tunataka mchezo wa aina gani. Kulikuwa na mfupi wa alasiri moja, kulikuwa na wa siku tano. Dereva alidai kwamba anaijua kriketi kwa sababu aliwahi kuiona hotelini Zambia, akasema ya kweli ni ile ya siku tano. Nikaichagua. Tulikuwa tumecheza muda wa kutosha kuchemsha chai hivi, wachezaji wangu watatu wakiwa wamekwisha kutolewa bila mimi kuelewa kosa lao, mlangoni kikaingia kivuli. Baba mkubwa, na kofia yake, na nyuma yake vijana wawili wa yadi wakiwa tayari kubeba mabenchi.

Hapa lazima nieleze jambo moja la yadi yetu. Kazi iliyoanza haikatwi. Miaka ya nyuma fundi mmoja aliitwa kula kabla hajamaliza kukaza nati, lori likaondoka, na gurudumu likachomoka njiani kabla ya Kasaji, likaingia shambani kwa watu. Hakuna aliyekufa, lakini tangu siku ile baba mkubwa hamwiti mtu aliye katikati ya jambo. Hata mtoto akiwa anafagia, anasubiri amalize ndipo amtume. Amekuwa hivyo kwa kila kitu, na wote tunaijua hiyo sheria yake, na wengine tunaitumia.

Aliuliza tunacheza nini, kwa maana hakusikia makelele. Nikamwambia ni kriketi, mchezo wa Wahindi, na kwamba ndiyo kwanza tumeanza. Akatazama televisheni, akawatazama vijana waliokuja kubeba mabenchi, akaketi.

"Bon," akasema. "Mumalize. Mi nangoya."

Sikumwambia kwamba ni siku tano. Dereva alinitazama, mimi nikatazama televisheni, nikainua gongo.

Alifuata kila kitu kwa macho. Baada ya muda akaanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa mazuri kuliko yetu. Kwa nini yule wa kushoto hafanyi kazi? Kwa nini watu wote hawa wamevaa nguo nyeupe na wanacheza kwenye udongo, nani anafua? Kisha mpira ukamgonga mguu mchezaji wangu mmoja, mwamuzi akanyanyua kidole, mchezaji akaondoka uwanjani ameinamisha kichwa. Baba mkubwa hakuelewa. Dereva akajaribu kueleza kwamba mguu haukutakiwa kuwa pale. Baba mkubwa akakataa kabisa.

"Banamuumiza mutu mu miguu, kisha banamufukuza yeye. Ile ni haki ya wapi?"

Nikaona kwamba amekasirika kwa niaba ya mtu asiyekuwepo, na moyo wangu ukapata nguvu kidogo. Muda si mrefu kwenye televisheni pakatokea maandishi makubwa, wachezaji wote wakaanza kutembea kuelekea nje. Akauliza kama imekwisha. Nikasema hapana, wanakwenda kula chakula cha mchana, ndivyo mchezo ulivyo, wanasimama kula, na baadaye wanasimama tena kunywa chai. Wakati ninasema hivyo adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikitini kwetu. Mimi sikupanga. Mungu ndiye anajua nani alipanga.

Baba mkubwa aliitazama saa yake, akaitazama televisheni, akasimama akavaa viatu. Mlangoni aligeuka akasema kwamba hawa watu, angalau, wana adabu.

Aliporudi lori la dereva lilikuwa limekwisha kupakiwa, honi inapigwa. Dereva akasimama. Nikadhani mambo yangu yamekwisha, maana mchezo wa watu wawili hauchezwi na mmoja. Lakini sheria ni sheria hata kwa aliyeitunga. Baba mkubwa alimwambia dereva aende, gari haliwezi kungoja, kisha akanyoosha mkono na kuchukua kile kidude cha kuchezea kama anayepokea kitoto cha kuku.

"Pa nafasi yake nitakaa mi mwenyewe," akasema. "Mupaka uishe."

Nikaona kwamba ni heri tuseme wazi. Nikamuuliza, "Baba mukubwa, kama njo mi nashinda, chumba kinabakia changu?"

Alifikiri. "Ukishinda, sitasema tena mambo ya bapneu. Nikishinda mi, kesho yake unatosha bitu byako, unahama."

Tukakubaliana hivyo, mbele ya vijana wa yadi. Ndipo nikamwambia kwamba ni siku tano. Akauliza ni kitufe gani cha kuzuia.

Siku moja ya mule ndani ilitumalizia alasiri kadhaa za kwetu, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Alikuwa akija baada ya kula, bukari, ugali wetu, bado imemkalia tumboni, tunacheza mpaka wale watu wa kwenye televisheni waende kula au kunywa chai yao, naye anakwenda kuswali alasiri, mimi ninakwenda kuweka sufuria jikoni. Saa zao na za msikiti hazikulingana kila mara, alikuwa anazilinganisha yeye. Akiona adhana inakaribia anapiga haraka haraka, akiona bado anazuia mipira mpaka mtu asinzie. Mtangazaji wa watu alikuwa hana habari kwamba anaongozwa na mwadhini wa Kolwezi.

Nilianza vizuri, kwa sababu vidole vyangu ni vyepesi na vyake vilizoea usukani. Halafu akamgundua yule mzembe wa kushoto. Alipiga mpira wa chini, upande ule, kwa bahati tu; yule akautazama ukivuka kamba; mikimbio minne, ndiyo alama za mchezo huu, ikaandikwa. Akapiga tena, minne tena. Nikajaribu kumhamisha, hasogei. Baba mkubwa akacheka mpaka akavua miwani. Alisema kwamba anamfahamu yule mtu, aliwahi kumwajiri. Kuanzia siku ile, akitaka mikimbio minne alikwenda kuichukua kule kama mtu anayechota maji bombani, na mimi nilipiga kelele za uonevu peke yangu, maana huo ndio mchezo na wote tunaucheza huo huo.

Kasoro nyingine ilitaka kutugombanisha. Mashine haikumbuki kitu mpaka wale watu wasimame kula au kunywa chai. Alasiri moja baba mkubwa alikuwa amewatoa wachezaji wangu wengi, anaimba chini kwa chini, umeme ukakatika. Uliporudi tulikuta tumerudishwa nyuma mpaka pale tulipoanzia alasiri ile, wachezaji wangu wote wako hai, wamesimama wananyoosha viungo. Nilijitahidi nisicheke. Huyu ni mtu aliyelala siku nyingi kwenye matope ya njia ya Dilolo na lori zima la samaki bila kuinua sauti. Lakini siku ile alitoka nje akasimama mbele ya nguzo ya umeme akaisemesha. Kesho yake alileta jenereta ndogo kutoka gereji, akaiweka nyuma ya chumba changu. Kijana wake mkubwa akaja kuuliza jenereta ya gereji iko wapi. Baba mkubwa akamjibu kwamba iko kazini.

Inapofika saa ya milipuko ya mgodini, upande wa Musonoi, ukuta wetu unatikisika kidogo na kioo cha dirisha kinalia. Mgeni anashtuka, sisi tunashika vikombe tu. Lakini kwenye kriketi ni hatari, kwa sababu mkono ukitikisika gongo linachelewa. Siku mbili tatu vijiti vyangu viliangushwa hivyo. Baba mkubwa alisema kwamba mlipuko ni wa wote, kama mvua. Lakini ulipomwangusha yeye, alidai turudie.

Katikati ya mambo haya tulikuwa tunazungumza. Mchezo unaokwenda polepole una faida hiyo, mdomo unabaki bure. Aliniuliza mambo ya Lubumbashi ambayo tangu nirudi hakuna mtu aliyeniuliza bila kuinamisha kichwa. Alikuwa anauliza akiangalia televisheni, nami nilikuwa namjibu nikiangalia televisheni, na hivyo nikaweza kumweleza yote, mpaka yale ya mwisho. Hakutoa ushauri. Alisema kwamba yule aliyekuwa mume wangu angekuwa dereva wake asingempa hata baiskeli, akarusha mpira uliofuata. Naye alinieleza habari za baba yangu akiwa tanuboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori lao la kwanza, mambo ambayo mama hakuyajua. Nilifurahi kwa namna ambayo sikuitegemea, na nilikuwa naogopa pia, kwa sababu siku ya tano ilikuwa inakuja.

Ikaja. Mimi nilikuwa nimemaliza kupiga, yeye ndiye wa mwisho. Alihitaji mikimbio mitatu kunishinda. Alikuwa amebakiwa na wachezaji wake wawili wa mwisho, na mwamuzi alikuwa ameruhusu mipira sita tu kabla ya giza la mule ndani. Kijana wake mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, habari zilimfikia, na wale vijana wawili wa yadi walikuwa nyuma yake. Mimi nilijua kwamba nimeshindwa. Mpira mmoja tu wa chini, upande wa kushoto, yule mzembe angeutazama, na minne ni zaidi ya mitatu. Nilikuwa nimeanza kuwaza mabenchi nitampelekea nani. Machozi yalikuwa karibu, sitaficha, na hasira pia, na sikutaka kijana wake anione nayo.

Nikarusha wa kwanza, mpira mbaya kabisa. Ulikwenda pale pale anapopapenda. Baba mkubwa akazuia. Mpira ukafa miguuni pake.

Nikarusha wa pili. Akazuia. Wa tatu, akazuia. Kijana wake akamwambia kutoka mlangoni, "Baba, piga kushoto." Baba mkubwa alimwambia kwamba mtu aliye katikati ya kazi haitwi. Nikarusha wa nne na wa tano, yote akaisimamisha kwa gongo lililonyooka, taratibu, kama anayefunga mlango ili mtoto aliyelala asiamke. Kwa wa sita nilirusha nikamtazama usoni, sikutazama televisheni. Uso wake ulikuwa umetulia. Nilisikia ule mlio mkavu, mdogo, halafu makofi ya wale watu wenye sura nne.

Kwenye televisheni wakaanza kupeana mikono. Vivuli vyao vilikuwa virefu sana. Kijana wake akauliza nani ameshinda, na mimi nikasema hakuna, ni sare, maana siku zimekwisha na wachezaji wake hawakutolewa wote.

"Siku tano," akasema kijana, "na hakuna mwenye alishinda?"

Baba mkubwa aliinua mabega, akasema kwamba naye anashangaa, lakini mchezo hakuutunga yeye. Nilikwenda jikoni kutengeneza chai ya tangawizi kwa sababu sikujiamini kukaa pale. Nilipokuwa nachemsha maji niliwaza nimwambie tuweke ule mfupi, wa alasiri moja, mambo yaamuliwe, maana kungoja kunanichosha na mimi sina subira. Nilirudi na vikombe viwili nikiwa nimeyapanga maneno. Nikamkuta peke yake, miwani puani, Kiingereza hajui hata herufi, lakini amekwisha kubonyeza mwenyewe mpaka pale mashine inapouliza tunataka mchezo gani. Alikuwa amechagua wa siku tano. Uwanja ulikuwa mpya, jua la asubuhi, mpira unang'aa.

Nikakaa. Nilimwambia kwamba nampenda, na huku kwetu hatuambiani hivyo. Aliniambia nirushe.

Mvua ilipoanza alijenga kibanda cha mabati kando ya gereji na matairi yakahamishiwa huko. Kijana wake bado anauliza mara moja moja, akipita dirishani, lini stoo itarudi. Baba mkubwa hageuki.

"Tunangoya mchezo uishe," anamwambia.